Beseni la Matanga

Dorcas, funga mlango wa uani kuku wasiingie, kisha njoo ukae hapa miguuni pangu. Pascalia, kaa mkekani, na utoe kidole mdomoni. Na wewe Kenga, ingia ndani, usinisimamie mlangoni kama askari wa zamu, vita vilikwisha zamani. Ingia na hilo panga lako uliweke hapa kitandani, ubavuni pangu, kwa maana nimekusikia tangu asubuhi ukilinoa kwenye jiwe, na mtu anayenoa panga kiasi hicho hana haja ya kukata majani ya mbuzi. Liweke. Haya, sasa nisikilizeni nyote, na asinikatize mtu, kwa kuwa pumzi niliyo nayo ni kidogo na maneno bado ni mengi.

Kenga mwanangu, najua ulichoapa. Uliporudi kutoka Burma na viatu vyako vya jeshi, ukanikuta na kigutu hiki badala ya mkono wa kuume, ulizungumza na dada yako pale nje, mkidhani nimelala, ukasema kwamba maadamu mimi ni hai utanistahi, lakini siku nitakayofukiwa, kabla watu hawajanawa udongo wa kaburi, utamkata Charo kichwa mbele ya matanga yote. Mimi sikuwa nimelala. Sasa kufa ndiko huku kumefika, na Charo ametoka jela, nyumba yake iko hapo ng'ambo ya njia, moshi wake mnauona. Ni ndugu wa baba yenu, tumbo moja, na wewe na Dorcas mnamwita baba mdogo hata kama jina hilo linawakwama kooni. Kwa hiyo haya si maneno ya mgonjwa anayeweweseka. Ni wosia wangu, na ninauweka juu ya kiapo chako.

Kisa chenyewe mmekisikia vipande vipande, kila msimuliaji akitia chumvi yake. Kenga hukuwapo. Dorcas ulikuwapo, lakini uliona kwa tundu la ukuta wa choo tu. Pascalia ulikuwa mgongoni mwa mama aliyekuzaa. Leo mtakisikia kwa aliyekatwa mwenyewe.

Ilikuwa mwaka ule wa njaa ya vita, tulipokuwa tukila mihogo michungu na unga wa manjano wa serikali. Baba yenu Kalama alikuwa amekwisha kufa, jiwe la machimboni lilimwangukia kifuani, wakamleta nyumbani wamembeba juu ya ubao. Nikabaki mjane katika mji wa shemeji zangu, na rafiki niliyekuwa naye hapa Mwakirunge alikuwa mmoja tu, Nafula, mwanamke wa bara, ambaye mumewe aliendesha lori la mawe. Huyo Nafula alikuwa na kichaa cha usafi. Ukienda kwake kula, hakuletei bakuli la kunawia. Anakusimamisha uani, anachukua birika, anakumiminia maji mikononi, unasugua kwa jivu, anakumiminia tena, na maji machafu yanaanguka chini yanakwenda zake. Mwanzoni niliona ni madaha ya watu wa bara. Nikamwuliza, "Nafula, mbona unamwaga maji hivi na kisima kiko mbali?" Akanijibu, "Mama Kenga, maji uliyokwisha kuogea wewe, unampa mwenzako aoge?" Nilicheka, lakini nilipofika kwangu nilichonga kata ya kifuu cha nazi, nikaanza kuwamiminia wanangu. Nikachimba na choo, mimi mwenyewe kwa jembe, nyuma ya migomba, mbali na kisima, na watu wa mji wakaja kunitazama wakinicheka, wakasema mjane wa Kalama anajichimbia kaburi.

Ninyi mliokulia kwenye kata yangu hamjui tulivyokuwa. Matangani kwetu lilikuwapo beseni moja. Watu wakitoka kuzika, beseni huwekwa katikati ya uwanja, anaanza mama wa marehemu kutia mikono, anafuata baba, wanafuata wazee, kisha wanawake, na watoto mwisho, na maji hayabadilishwi hata yawe meusi, kwa sababu maji yale ndiyo undugu wenyewe, yamebeba huzuni ya kila mtu, na anayeyakataa amejitenga na kifo kile. Na mtu akijitenga na kifo, wenzake humtazama kwa jicho la pembeni, wakajiuliza yeye ana nini nacho. Baada ya hapo huletwa chakula, mikono ile ile, sinia moja.

Chengo, mtoto wa kwanza wa Charo, alikufa kwa kuhara damu. Mimi nilishinda naye siku zile. Nilimwona akikauka, macho yakizama, tumbo likimnyonga mpaka anauma mkeka kwa meno. Sidi mama yake alikuwa akifua vitambaa vyake pale pale mdomoni mwa kisima, kwa kuwa ndipo maji yalipokuwa, na hakuna aliyemwambia asifue. Siku ya maziko alitoka kufua vya mwisho, mikono haijakauka, chini ya kucha imo damu ya mtoto, akaja akaketi uwanjani akaitumbukiza mikono ile kwenye beseni. Maji yakageuka rangi. Nikayaona. Na upande wa pili nikawaona watoto wamepangwa mstari wakingoja zamu yao, na wewe Dorcas umo, umeshapandisha mikono ya gauni.

Sikufikiri. Niliinuka nikalipiga beseni teke, likabiringika uwanja mzima kwa kishindo, maji yakawarukia wazee miguuni. Charo akainuka polepole, akaniuliza, "Shemeji, umefanya nini?" Nikamwambia, "Maji haya machafu, Charo. Wamiminieni watoto maji mengine." Akasema, "Maji aliyonawa mama wa mwanangu ndiyo machafu?" Jibu lilikuwa ndiyo, na nani atamtamkia mfiwa neno hilo? Nikamshika Dorcas mkono nikaondoka naye. Nyuma yangu nikawasikia wakilijaza beseni upya, na Sidi akianza tena.

Haikupita wiki wakaanza kuanguka. Alitangulia mdogo wake Chengo, wakafuata mapacha wa nyumba ya pili, akafuata binti wa mzee wa mji, aliyekuwa akiwaimbisha wenzake kanisani. Asubuhi ukiamka unasikia kilio, hujui ni nyumba gani, unasimama uani unahesabu moshi. Na kwangu Dorcas anacheza, ana shavu. Hiyo ndiyo ikawa kesi, wanangu. Hawakunishika kwa sababu wangu walikufa; walinishika kwa sababu wangu hawakufa. Walisema nilijua kilichomo majini kwa kuwa nilikitia mimi. Walisema beseni nililipiga teke ili nikate undugu na kukiacha kifo upande wao. Mtsai, mchawi mla watoto, hilo ndilo jina nililopewa, na wale niliowapelekea uji wa wagonjwa ndio waliolitamka kwa sauti kubwa zaidi.

Walikuja mchana wa jua kali, hawakujificha. Wanaume wa mji wote, wengine na marungu, wengine na mapanga, na vijana wamebeba makuti yanayowaka. Mbwa wetu aliwakimbilia, wakampasua kichwa kwa rungu kabla hajabweka mara ya pili. Mimi nilikuwa nimeinama namsugua Dorcas mikono. Nikamsukuma chooni, nikamwambia, hata usikie nini, usitoke. Na choo kile walichokicheka ndicho kilichomficha, kwa maana hakuna hata mmoja wao aliyekubali kukisogelea.

Wakanipiga rungu la mgongo nikaanguka magoti. Wakatia moto paa, wakanivuta kwa nywele mpaka uani, mmoja akinipiga mateke ya mbavu na kuhesabu majina ya watoto waliokufa, kila jina na teke lake. Kisha wakapisha, Charo akaja. Uso wake sikuuona vizuri, niliona macho tu, mekundu, macho ya mtu asiyelala tangu amzike mtoto wa pili. Akaniambia, "Kahaso, nirudishie wanangu." Nikasema, "Sinao wanao, Charo." Akainua panga. Nikainua mkono. Nikauona mkono wangu uko chini kwenye tope la maji ya kunawia, vidole bado vina jivu nililokuwa nikimsugulia Dorcas, na sikusikia maumivu, nilishangaa tu nikawaza, ule ni wa nani.

Kisha akainama anishike shingo animalize, na hapo, wanangu, mimi sikuwa mwanamke wa kufa huku nikisema amina. Nilimrukia kwa meno. Nililipata sikio lake la kushoto, nikalitafuna mpaka likabaki kinywani mwangu, nikalitema. Msinione leo nimekonda hivi. Ndiyo sababu Charo hufunga kilemba mpaka shavuni, na watu wasiojua husema anajistahi. Hajistahi, ni mimi.

Aliyeniokoa ni Nafula. Alisikia mayowe, akampigia mumewe kelele mpaka akaliingiza lori la mawe katikati ya uwanja, watu wakatawanyika, naye Nafula akashuka na nyundo ya kupasulia mawe, anaizungusha, anawatukana kwa lugha ya kwao. Kijana mmoja alidhani ni mchezo, nyundo ikamvunja bega. Akanifunga kigutu kwa leso yake, akamtoa Dorcas chooni, akatupakia juu ya mawe, tukavuka daraja la Nyali kwenda hospitali ya kisiwani, na damu yangu ikichuruzika kwenye ubao wa nyuma wa lori. Mahakamani nilipoulizwa ni nani aliyenikata, nilisema ni Charo, sikupepesa macho. Sikumhurumia. Alifungwa, akapelekwa kuvunja mawe, na siku hiyo mimi nilipika wali.

Nipe maji kidogo, Dorcas. Basi. Yatosha.

Sasa hili lisikilizeni vizuri, hasa wewe Pascalia. Charo aliniachia mkono wa kushoto. Mkono wa chooni. Kwa mkono huo huo najichambia, na kwa huo huo sina budi nile. Watu hawakutaka kushikana nami, na mwanamke mmoja sokoni aliitupa nazi niliyoigusa. Na mkono mmoja, jaribuni wenyewe, hauwezi kujiosha. Utausugua kwenye gogo, utausugua pajani, lakini katikati ya vidole na chini ya kucha hupafiki. Nililia kwa hilo kuliko nilivyolilia kidonda. Mimi niliyekatwa kwa ajili ya mikono safi nimeachiwa mmoja, tena mchafu, na kuusafisha siwezi.

Ndipo nikapata hila. Nilijenga tena pale pale, juu ya majivu ya nyumba ile, na mtoto yeyote aliyekuja kwangu na njaa yake, nilimwambia, chakula kipo, lakini kwanza nioshe mkono. Mmoja amimine kwa kata, mwenzake asugue kwa dodoki na jivu, mgongo wa kiganja, katikati ya vidole, chini ya kucha, mpaka niseme basi. Na mtoto hawezi kumwosha mwenzake mkono namna hiyo na yake mwenyewe ikabaki michafu. Wao walidhani wananihudumia kilema. Wakaenda makwao wakanawa vivyo hivyo, kwa mazoea tu, na mama zao wakawaona, na kuharisha kukapungua mjini bila mtu kuniambia ahsante, wala sikuingoja.

Mtu mzima wa kwanza kuja alikuwa Sidi. Alisimama pale uani na wewe Pascalia mgongoni, mtoto pekee aliyembakia, hakusalimu, alinyoosha mikono tu. Nilikuwa nimeshika kata. Nilitaka kumpiga nayo ya uso, na kweli niliinua. Kisha nikaziona kucha zake, amezikata mpaka kwenye nyama, vidole vyote vinatoka damu. Nikamimina. Akanawa akilia, akaniosha mkono wangu, akakushusha wewe, akakuosha vidole kimoja kimoja. Aliporudi kwao Ganze akaolewa na mwingine, wewe ulibaki upande wa baba, na upande wa baba hakukuwa na mtu wa kukupokea ila mimi. Hivyo ndivyo ulivyokuwa mwanangu.

Najua nimewachapa. Dorcas ana alama pajani ya siku aliyotoka chooni akashika sufuria ya maziwa. Pascalia amelala na njaa zaidi ya mara moja kwa ukaidi wa kucha zake. Hilo siombi radhi. Nimewaona watoto wakiuma mkeka, na nikikumbuka meno yao, fimbo naiona kitu kidogo.

Sasa Kenga, nikuulize wewe. Tangu nilipoangushwa na maradhi haya, unatoka alfajiri kwenda machimboni. Dorcas anapeleka mboga Kisauni. Pascalia anakwenda shule ya misheni. Mkirudi mnanikuta nimenawishwa, nimekunywa uji, na wewe umekuwa ukimsifu Pascalia kwamba ananitunza kabla hajaenda shule. Pascalia, mwambie kaka yako, ni wewe? Umeona anavyotikisa kichwa. Si yeye. Ni Charo.

Kaa chini. Kenga, kaa. Usiliguse. Mkono wangu uko juu ya panga, na ukilivuta utanikata vidole nilivyobakiwa navyo. Dorcas, mshike ndugu yako. Haya. Hivyo. Mungu wangu, una nguvu za baba yako.

Alikuja mara ya kwanza ninyi mmekwisha kutoka. Nilisikia hatua, nikajua ni yeye, nikapapasa chini ya mto nitafute kisu. Akasimama pale mlangoni na kilemba chake, ana birika mkononi. Akasema, "Shemeji, kule jela watu waliharisha damu wakafa. Hakukuwa na mtsai kule. Kulikuwa na pipa moja la maji, tukitia mikono wote." Nami kisu nimekwisha kukipata. Kisha akasema, "Watoto niliwapanga mimi kwenye ule mstari. Mdogo wake Chengo alikuwa hataki kunawa, nikamsukuma kwa bega." Akapiga magoti, akamimina, akausugua mkono huu katikati ya vidole na chini ya kucha, taratibu, na alipomaliza maji machafu akayapeleka kwenye migomba. Tangu siku hiyo huja mkishatoka tu. Hatusemezani.

Msije mkasema mama alilainika. Sijasema nimemsamehe. Sijui kama nimemsamehe. Zipo asubuhi nimemwona ameinama, shingo iko wazi, nikautamani mkono wangu wa kuume na panga kama hili. Lakini ukimuua, mwanangu, watu watasema nini? Watasema kauawa na mwana wa mtsai, uchawi wa Kahaso umemaliza kazi yake. Watalirudisha beseni lao siku hiyo hiyo. Na mtoto wa kwanza atakayeharisha, watamtafuta Dorcas, watamkuta uani anamnawisha mwanawe, na wewe wakati huo umekwisha kunyongwa na serikali. Ni nani atakayesimama mbele yake? Nafula alikwisha kurudi kwao. Lori halitakuja.

Ngojeni nipumue.

Mali yangu si kubwa. Shamba la Kalama ni la Kenga, kutoka njiani mpaka ukingo wa machimbo, pamoja na minazi. Kisima ni cha Dorcas, na amri ya kisima ni yake. Hakuna kufulia mdomoni, hakuna mbuzi, hakuna kuchotea ndoo iliyowekwa chini, na anayekaidi umfukuze hata akiwa mzee wa kanisa. Kata na dodoki ni za Pascalia. Choo ni cha mji mzima, na mkifukie kikijaa, mchimbe kingine huko huko nyuma, msifanye uvivu mkakisogeza karibu. Leso ya Nafula nifungeni kwenye kigutu ndani ya sanda. Na panga hili naingia nalo kaburini, chini ya mgongo wangu. Atakayelitaka anifukue.

Na matanga yangu. Pasiwekwe beseni. Mkitoka kuzika mtamkuta Charo amesimama uwanjani na birika. Yeye ndiye atakayenawisha. Watoto watangulie, wazee mwisho. Kilemba akivue, watu walione sikio. Na wale wote waliobeba makuti ya moto, nawajua, wengine sasa wana mvi, wapite mbele yake mmoja mmoja wanyooshe mikono, na asiyetaka kunawishwa asile chakula changu. Lakini wa kwanza, kabla hata ya watoto, ni wewe Kenga. Mfiwa ndiye anayeanza, hilo sikulibadilisha. Utanyoosha mikono yote miwili, atakumiminia. Si lazima umsemeshe.

Usilie. Au lia, basi. Umekaa na hilo tangu Burma.

Dorcas... nisogezee mto. Giza hili ni la macho yangu au mmefunga na dirisha? Haya. Sogeeni. Mungu awape... awape maji ya karibu. Awape watoto wa kuwaosha, na wa kuwaosha ninyi mkizeeka. Asiwape kumzika mwana. Dorcas, nimekubariki. Pascalia, nimekubariki, na kidole hicho... nimekiona, kitoe. Kenga, wewe nitakubariki baadaye kidogo. Kuna kazi kwanza.

Leo mkono wangu haujanawishwa, kwa kuwa hukwenda machimboni. Yuko nyuma ya migomba tangu asubuhi, na birika lake, anangoja utoke. Mlango ule... sikuufungia kuku. Dorcas, kaufungue.

Ingia, Charo. Usimtazame, njoo tu. Piga magoti pale pale pako.

Kenga, njoo upande huu. Yeye atamimina, wewe utasugua. Nautoa mkono juu ya panga, mwanangu. Siwezi... siwezi kulishika na kuoshwa kwa pamoja. Haya, nimeutoa. Liko hapo. Chagua kazi ya mikono yako.

Baridi. Maji ya leo baridi... mazuri. Nani huyo anasugua? Ni wewe. Mikono yako mikubwa. Polepole, si buti hilo. Katikati ya vidole. Nimekubariki. Mimina, Charo, hakuna wa kukukata. Na... na chini ya kucha, mwanangu. Hapo.